Mafuta Meupe ya Papa Mapasa

Nyumbani kwetu, katika kambi ya wafanyakazi ya Panda mjini Likasi, mafuta ya kupikia yalikuwa na vyeo kama watu wa kiwandani. Juu kabisa yalikaa mafuta meupe ya kopo, yaliyotoka kantini ya kampuni kila mwezi pamoja na unga, sukari na samaki wa chumvi. Chini yake yalikuja mafuta ya karanga, ambayo mama aliyakamua mwenyewe kwa karanga za shamba letu la upande wa Kamatanda. Mwisho wa safu, karibu na ndoo ya kupigia deki, yalikaa mafuta mekundu ya mawese. Hayo tulimwachia nkambo.

Nkambo ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu. Huyu alikuwa mama yake mama, mwanamke wa kaskazini, kwenye michikichi. Alikuja kukaa nasi mama alipokaribia kujifungua, na aliposhuka kwenye treni alikuwa na bidoni la mafuta mekundu kichwani, nguo zake zikifuata nyuma mikononi mwa mtu mwingine.

Sukari nayo ilipangwa hivyohivyo. Ile nyeupe ya vipande ilikaa kwenye kopo lenye mfuniko, ikingoja wageni na padri. Ya kahawia ilikuwa ya uji wetu. Asali ilitoka msituni kule Kambove, ikiwa na nyuki mmoja au wawili ndani ya chupa, na baba aliitazama kwa mashaka. Miwa haikuhesabiwa kuwa sukari hata kidogo. Ilikuwa mchezo wa watoto, ya kutafuna na kutema barazani ili mama apate sababu ya kupiga kelele.

Aliyegawa vyeo hivi vyote ni baba. Alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha kusafishia shaba, na kwake dunia nzima ilikuwa kitu kinachotoka ardhini kikiwa kichafu, kikimngoja mtu mwenye akili akisafishe. Alisafisha viatu, alisafisha masikio yetu, alisafisha hata mkaa kabla ya kuuwasha. "Kintu ya mweupe njo kintu ya safi," alizoea kusema, yaani cheupe ndicho safi, na mimi, kifungua mimba mwenye mdomo, nilimuuliza siku moja kwa nini basi hakumwoa mzungu. Nilikimbia hadi kwa jirani na sikurudi mpaka alipocheka.

Kisha mambo yakaharibika. Mshahara ulichelewa, ukachelewa tena, mwisho ukasahau njia. Kantini ilifunga milango. Bomba la moshi la kiwanda, ambalo nilikuwa nimeliona likitoa moshi tangu nizaliwe, likakauka. Baba aliendelea kwenda kazini asubuhi kwa sare iliyopigwa pasi, akirudi mchana na mikono safi kupita kiasi. Mikono ile ilimuudhi. Aliizungusha, akaitia mfukoni, akaitoa.

Mafuta ya kopo yalipokwisha, karanga za shamba tukazila kabla ya kuzikamua. Mafuta mekundu ya treni ndiyo yaliyobaki. Yalipanda cheo bila mtihani, na nkambo akawa mtu mkubwa jikoni, ingawa mama, kwa kumstahi baba, bado hakuyagusa.

Katika miezi hiyo ndipo mama alipojifungua mapasa, wasichana wawili, jioni moja jua likizama. Walifanana kiasi kwamba ukimtazama mmoja ulidhani umeshawaona wote. Mapasa wana majina yao ya kuzaliwa nayo, lakini hapa nitawaita tu Wa Kwanza na Wa Pili. Wa Pili alikuwa na alama ndogo nyuma ya sikio, ndogo kama punje ya mtama, ambayo ulihitaji mwanga mzuri ili kuiona. Tangu siku hiyo wazazi wetu walipoteza majina yao pia. Kambi nzima iliwaita papa mapasa na mama mapasa, baba na mama wa mapacha, na baba, kwa mara ya kwanza tangu bomba likauke, alitembea kifua mbele.

Nkambo alituketisha watoto akatupa sheria. Mapasa hupewa sawasawa. Ukimbeba mmoja, mbebe na mwingine. Ukimvika huyu nguo ya kijani, tafuta kijani nyingine. Anayenyimwa hukasirika, na mapasa akikasirika huamua kurudi alikotoka. Mimi nilishauri tumfunge Wa Pili uzi mkononi ili tusiwachanganye. Nkambo alilipenda wazo langu, akakata uzi mwekundu, akamfunga Wa Pili. Kisha, kwa kuwa hupewa sawasawa, akakata mwingine uleule akamfunga Wa Kwanza. Nilicheka mpaka nikafukuzwa chumbani.

Kulikuwa na sheria nyingine, ya ukoo wa nkambo, na hiyo ndiyo iliyomnyima mama usingizi. Mapasa hukaa ndani mpaka siku ya kutolewa nje. Siku hiyo ukoo wa baba huja, watoto huogeshwa na kuvalishwa sawa, huchanganywa, na mama hupewa mmoja mmoja mbele ya watu. Lazima amtaje kila mtoto kwa jina lake kabla nyimbo hazijaanza. Na kwa kuwa wetu walizaliwa jua likizama, wangetolewa jua likizama. Dada zake baba, mashangazi wetu wa Kambove, walikuwa wameshatuma salamu kwamba wako tayari. Walikuwa wanawake wasiosahau kitu. Mama kila mara alipata sababu ya kuahirisha: mara mvua, mara mahindi hayajavunwa, mara mgongo.

Mgongo ulikuwa uongo, na mimi ndiye niliyegundua. Transfoma ya kambi ilikuwa imeungua, kwa hiyo jioni nyumba iliingia giza polepole, chumba kwa chumba. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka akinyonyesha. Alimnyonyesha Wa Kwanza, akamlaza, akapapasa mkeka kwa mkono, akamwinua mtoto, akamweka kwenye ziwa. Alikuwa Wa Kwanza tena. Nilimjua kwa sababu nilikuwa nimekaa naye tangu mchana. Wa Pili alikuwa pembeni akinyonya ngumi yake.

"Mama, ni ule ule," nikasema. "Ule mwingine hayanyonya."

"Unasema nini? Huyu ni wa pili."

Alinijibu akiutazama ukuta ulio kando yangu. Jambo hilo halikunipendeza. Basi nikafanya kitu ambacho nyumbani kwetu kilikuwa na adhabu ya kofi, mchana au usiku, mgeni awepo au asiwepo: nikamtolea mama ulimi, wote, mpaka mwisho. Kofi halikuja. Aliendelea kutazama ukuta kwa upole. Sijawahi kuogopa namna ile, na ulimi ukakaa nje kwa sababu nilisahau kuurudisha.

Nilipomwambia nilichofanya, alilia kidogo, kisha akacheka kidogo, kisha akanikamata mkono. Mchana aliona vizuri, alisema, hata tundu la sindano. Jua likianza kushuka, pazia linashuka nalo.

"Usiambie mutu," akasema. "Ata papa yako. Iko na mizigo ya kumutosha. Na bale ba Kambove bakisikia, batasema minye sijui batoto bangu."

Nikaapa. Lakini Wa Pili hakuwa ameapa chochote, na Wa Pili alikuwa akikonda. Tulipowapeleka parokiani kupimwa, wakining'inizwa kwenye mzani kama matunda sokoni, Wa Kwanza aliivuta sindano chini kwa furaha, Wa Pili aliigusa tu.

Aliyepima alikuwa mtawa mmoja mrefu, mwenye sauti ya sokoni, ambaye sote tulimwita masœur. Alimtazama mtoto, akamtazama mama, akamvuta kando akamuuliza juu ya macho, na mama, ambaye alimficha mume wake, alimwambia yule mtawa kila kitu kwa pumzi moja. Masœur hakushangaa. Alisema amewaona wengi mwaka ule, wake za wafanyakazi wenye mimba na wenye kunyonyesha. Vidonge vya vitamini vilikuwa havijafika kituoni kwa muda mrefu. Basi akatuita wote, akina mama wa benchi zima, akapanga mezani chupa za mafuta na visahani vya sukari kana kwamba anafungua duka.

"Haya, mama zangu," akasema. "Kati ya hizi, gani iko na nguvu kupita?"

Benchi lilichemka. Mmoja alitetea karanga, mwingine kopo, mama mmoja mnene alisimama kabisa kutetea mafuta ya nguruwe ambayo hayakuwepo hata mezani.

"Yote sawasawa!" masœur akashinda kelele. "Ku nguvu, kijiko ya huyu na kijiko ya ule ni kintu moja. Tofauti ni muzigo yenye kila moja inabeba." Akainua chupa ya karanga. Hii ni nzuri kwa moyo, alisema, haigandi ovyo, na ina vitamini yake. Akainua kopo la kantini, la mwisho labda mjini Likasi. Hii ni mafuta na nguvu tu, imesafishwa mpaka haikubaki na mzigo. Kisha akainua chupa nyekundu. Hii usiinywe kama maji, baridi ikija inaganda, na kinachoganda kwenye chupa hakifai kuzidishwa mwilini. "Lakini ndani yake muko vitamine A. Njo dawa ya macho ya mama, na ya maziwa yenye batoto banakunywa. Sombe, lengalenga, matembele, bile majani yote, tia hii mafuta juu yake, utaona."

Sukari aliimaliza haraka zaidi. Nyeupe, ya kahawia, asali, yote ndugu wa tumbo moja, alisema: yanaleta nguvu, lakini yanafika nyumbani mikono mitupu. Tena kwa uzito uleule, mafuta yanaishinda sukari nguvu zaidi ya mara mbili. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka asilambishwe asali hata tone, kwa maana inaweza kumuua. Nkambo, aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi, alikificha nyuma ya mgongo kile kidole alichozoea kuchovya kwenye chupa ya Kambove. Asali ile ilihama nyumba siku hiyohiyo. Tulirudi tukiwa na furaha ya watu waliopewa dawa waliyo nayo tayari jikoni.

Mama alimwambia baba nusu ya habari: masœur amesema mama ale mafuta mekundu, kwa ajili ya maziwa. Hakutaja macho. Niliona habari hiyo imemchoma baba. Kwake mke wa msimamizi wa zamu kula mafuta mekundu, tena kwa amri, ilikuwa ni kama kutangaziwa misani kwamba ameshindwa kuilisha nyumba yake. Alizungusha mikono yake safi. Halafu uso wake ukafunguka.

"Minye nasafisha shaba miaka yote hii," akasema. "Mafuta itanishinda?"

Siku ya pili yake alitoka uani na jiko la mbabula lenye mkaa mwekundu, sufuria pana, glavu za kiwandani, na miwani ya kukinga macho iliyofungwa kwa mpira nyuma ya kichwa. Alimimina mafuta ya nkambo, akayachoma bila kufunika. Yalitoa moshi wa buluu uliotufanya wote tukohoe. Yeye alisimama katikati ya moshi akiyakoroga, akitupia kitunguu kuondoa harufu, akituambia turudi nyuma kama vile ni tanuru. Rangi ilianza kukimbia. Nyekundu ikawa ya chungwa, chungwa ikawa ya majani makavu, na mwisho ukauona mwiko mpaka chini. Aliyachuja kwa kitambaa, akayatia kwenye chupa ya kioo, akayainua kwenye jua. Yalikuwa meupe. Yalikuwa mafuta ya kantini kabisa.

Lazima niseme jinsi nilivyompenda baba siku zile. Alipiga mluzi. Alikula vizuri. Majirani walisikia, wakaleta bidoni zao, maana hakuna aliyeipenda ile nyekundu iliyotukumbusha kila siku kwamba kantini imefungwa. Baba aliwafundisha wanaume wenzake, na muda si muda kila ua ulikuwa na mbabula na mtu aliyevaa glavu. Bomba kubwa la kiwanda lilikaa baridi, lakini alasiri kambi ya Panda ilitoa moshi wake yenyewe, na wazee wa zamu walisimama ndani yake wakielezana joto na rangi, wakibishana, wakicheka. Walikuwa wamepata kazi.

Mtu mmoja tu hakufurahi. Nkambo na baba walikuwa bukwe, mtu na mkwe wake, na kwetu bukwe hawaangaliani usoni wala hawasemezani moja kwa moja. Ni heshima kubwa na ni usumbufu mkubwa. Nkambo hakuweza kumwambia aache. Aliweza tu kuzungumza na vyombo.

"Weye nyungu," alikiambia chungu chake kwa sauti ambayo ingesikika Kambove, "uko naona? Minye nabeba mafuta ku kichwa, batu banaiunguza mpaka inakuwa kama maji ya kuoshea sahani."

Baba, hatua chache kutoka hapo, aligeukia upande wangu. "Ambia nkambo yako asante ya mafuta. Lakini hii njo kazi yangu."

Mimi nilikuwa katikati, nikipeleka maneno ambayo kila mmoja alikuwa ameshayasikia, na nilikuwa naongeza chumvi. "Anasema mafuta yako yalikuwa na matope," nilimwambia nkambo. "Anasema miwani yako inakufanya chura," nilimwambia baba. Wote wawili walijua ni uongo wangu, na wote wawili waliucheka kwa siri, kila mmoja akiangalia upande wake.

Nkambo alikataa kula ile nyeupe. Aliweka chupa yake nyekundu chini ya kitanda, akala bukari lake, ugali wa kwetu, na majani yaliyong'aa, vidole vimekolea rangi. Jioni alikaa kizingitini akichambua mawe kwenye maharage mpaka giza liingie, akiniita mimi kipofu kila nilipoacha jiwe. Nilimwona kila siku na sikufikiri lolote.

Mama alikula ya mume wake. Alikula kwa bidii, sombe na lengalenga, kijiko juu ya kijiko, kwa sababu masœur alisema na kwa sababu baba alimimina kwa mkono wake mwenyewe akimtazama kwa upendo. Angewezaje kukataa? Kwa mawazo yake yalikuwa mafuta yaleyale, yaliyooshwa. Lakini jua likishuka, pazia lilishuka nalo. Mimi nilijigeuza mlinzi: jioni nilimpa mama watoto mmoja mmoja nikimnong'oneza ni nani. Usiku nilipolala usingizi wa pono, alipapasa mkeka peke yake, na Wa Pili alikosa bahati mara nyingi. Kwenye mzani aliendelea kuigusa tu ile sindano. Uso wake ulikuwa umeanza kuwa na mawazo ya mtu mzima, na nkambo alianza kusema polepole, si kwa chungu sasa, kwamba huyu anafikiria safari. Kila niliposikia hivyo niliuchukua mkono wake mdogo nikaushika kwa nguvu.

Kisha baridi ya Juni ikaja, ile inayofanya watu wa Likasi watoe pumzi ya mvuke asubuhi. Chupa ya nkambo iliganda chini ya kitanda. Na chupa ya baba juu ya kabati ikaganda pia, nyeupe, ngumu kama mshumaa. Mafuta ya kantini hayakuwa na tabia hiyo. Baba aliitikisa, akaigeuza juu chini, akaudhika sana. Nkambo aligeukia ukuta, mabega yakicheka. "Nyungu yangu," akasema, "ata bakuvalishe nguo ya bulaya, utabakia wa kwetu."

Mashangazi walituma salamu za mwisho: wanakuja, mgongo au si mgongo. Siku chache kabla yao alikuja masœur, kuona kwa nini Wa Pili hapandi. Alikuta tumekaa kula, na mgeni wa kwetu hasimami mlangoni. Mama alimwekea samaki wa mto Lufira wa kukaanga, aliyekauka vizuri, na lengalenga iliyong'aa. Masœur alikula, akasifu, kisha akageuza sahani kwenye mwanga.

"Mama mapasa, banafungua tena kantini? Munatoa wapi hii mafuta ya mweupe?"

Baba alingojea swali hilo kwa miezi. Alivuta kiti mbele. Alieleza mbabula, alieleza kitunguu, alieleza namna rangi inavyokimbia, na miwani ilikuwa bado kwenye paji la uso wake. "Njo ile mukundu yenye weye unamwambia akule, masœur. Minye naisafisha."

Masœur alicheka mpaka akashika kitambaa chake cha kichwa kwa mikono miwili. Alicheka kwa mapenzi, kwa sababu hakuna ambaye angeweza kuudhika na uso ule. Kisha akaacha kucheka taratibu.

"Papa mapasa, ile rangi yenye weye unafukuza, njo vitamine yenyewe. Haiko uchafu. Dawa yote inaenda ku moshi."

"Njo maana macho yangu haiponi!" mama akasema, na maneno yalikuwa yameshatoka.

Baba alimgeukia. "Macho gani?"

Basi akaambiwa. Aliambiwa pazia, na mkeka, na mgongo wa uongo, na mtoto aliyenyonya mara mbili na mtoto aliyenyonya ngumi. Hakumkaripia mama kwa kumficha. Aliivua miwani kichwani polepole, akaiweka kando ya sahani, akasimama. Tulidhani anatoka nje. Alikwenda hadi mlango wa chumba cha nkambo, akageuza uso pembeni kama heshima inavyotaka, na akaniita mimi, nikasimama katikati yao mahali pangu.

"Ambia nkambo yako," akasema, na sauti yake haikuwa ya kiwandani. "Ambia naomba mafuta yake."

Mara hii sikuongeza chumvi. Nilimpelekea nkambo maneno yale yalivyo.

"Ambia bukwe yangu," nkambo akajibu akiangalia ukuta, "chupa iko chini ya kitanda. Achukue yote."

Kuanzia siku hiyo baba aliipigania nyekundu kama alivyoipigania nyeupe, kwa sababu hakujua kupenda kitu kidogo. Aliimimina mwenyewe kwenye majani ya mama baada ya kuyaepua, moto usije ukaiba hata rangi ya tone moja. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia wanaume wenzake wazime mbabula. Wengine walibisha, wakamwambia kwamba yeye ndiye mwalimu wao. "Mwalimu iko nasahihisha," aliwajibu, na alirudi kila jioni amechoka na amecheka. Moshi wa buluu ulipungua kambini, ua kwa ua. Midomo ya mama ikawa ya rangi ya chungwa, na nguo zetu zote zikapata madoa ambayo baba, msafishaji wa dunia, aliyaacha yalivyo.

Haikuchukua siku nyingi. Jioni moja nilikuwa nimekaa mbele ya mama, giza likiingia chumba kwa chumba. Nikamtolea ulimi. Niliutoa bila matumaini makubwa, kama mtu anayebonyeza swichi wakati umeme haupo. Kofi lilinipata shavuni, safi, katikati kabisa, halikupapasa hata kidogo.

"Adabu yako iko wapi?" mama akauliza.

Nimelamba asali ya Kambove na nimeiba vipande vya sukari ya padri, lakini sijaonja kitu kitamu kama kofi lile. Nilimrukia shingoni. Yeye mwenyewe alichelewa kuelewa alichofanya, kisha akaanza kupiga kelele, na Wa Pili, aliyekuwa ziwani kwa haki yake, akaruka kwa mshtuko na kulia kwa sauti ambayo hatukujua kuwa anayo.

Mashangazi walikuja na ngoma, na nyimbo za mapasa, zile za matusi ambazo siku nyingine yoyote mtoto akiziimba anaoshwa mdomo kwa sabuni. Ua ulijaa. Jua lilizama nyuma ya bomba lililokauka. Nkambo aliwachanganya watoto ndani, mlango umefungwa, akatoka akiwa amefunika mmoja kwa kitenge cha kijani na mwingine kwa kitenge cha kijani. Taa hazikuwepo. Shangazi mkubwa akasogea karibu kabisa, ajionee.

Mama alimpokea wa kwanza kupewa. Alimtazama. Hakugeuza sikio la mtoto kutafuta alama.

"Huyu ni wa pili," akasema, na akamtaja kwa jina. Kisha akampokea mwingine, akamtaja. Shangazi alikunja masikio ya watoto wote wawili, akaitafuta kwa karibu alama aliyotajiwa, akaangalia tena, kisha akatupa mikono juu na vigelegele vikalipuka ua mzima.

Lakini mama alikuwa bado anatazama. Alitazama juu ya vichwa vya watu, hadi mwisho wa ua, kwenye kona ya ukuta ambako giza lilikuwa zito na mbabula ya zamani ilikuwa imepinduliwa. Baba alikuwa amesimama pale peke yake, nyuma ya wote, na kitambaa cha kuchujia mkononi.

"Na weye, papa mapasa," mama akamwita, "pangusa machozi. Minakuona."